Mko Wangapi?

Mwezi wa Septemba 2023 nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha kuchaji simu, nangoja yangu ijae. Kijana mmoja akatuonyesha habari kwenye simu yake. Meli ya watalii, Ocean Explorer, imekwama huko Greenland, kaskazini kabisa ya dunia, ndani ya ghuba nyembamba inayoitwa Alpefjord. Ndani yake kuna watu 206. Hakuna mji karibu, hakuna barabara, na meli ya kijeshi iliyoagizwa kwenda kuwasaidia ilikuwa mbali zaidi ya kilomita elfu mbili. Na wale watu walikuwa wamelipa wenyewe ili wapelekwe huko.

Tulicheka. Fundi wa kibanda akasema kwa Kiswahili chetu cha Fizi: "Bale batu bana pesa mingi, njo maana banaenda kutafuta lufu." Mwingine akatoa methali ya asiyesikia la mkuu. Na mimi, mwalimu mzima, nikaongeza la kwangu: "Waachwe huko huko, barafu iwafundishe. Nani aliwatuma?"

Pale mlangoni kuna mama anauza maandazi, umri wake kama wa dada yangu mkubwa. Yeye na mimi tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka mmoja, 1996, boti tofauti. Hakuwa anaangalia simu. Akaniuliza taratibu tu: "Na siye, Mwalimu? Ile siku ya ziwa, siye nani alitutuma?"

Sikuwa na jibu. Nililipa, nikachomoa simu kabla haijajaa, nikaenda zangu. Meli ile ilinasuliwa baada ya siku tatu. Meli ya utafiti ya Greenland iliivuta maji yalipojaa, na hakuna aliyekufa. Lakini swali la mama yule halijaninasua mpaka leo. Haya ninayoandika ni jibu lake, ingawa limechelewa.

Swali lenyewe nimelipanga hivi: je, sababu iliyomtoa mtu kwake inaongeza au inapunguza deni letu la kumwokoa akizama?

Kwanza tuwaelewe hao tuliowacheka. Safari hizi za meli ndogo kwenda kwenye barafu si jambo la jana. Mwaka 1966 Lars-Eric Lindblad, Msweden aliyehamia Marekani, aliwapeleka watu wa kawaida Antaktika, yaani watu wasio wanasayansi wala wanajeshi. Mwaka 1969 akapata meli iliyojengwa kwa kazi hiyo hasa, Lindblad Explorer. Ilikuwa meli ndogo, inayobeba abiria kama mia moja tu, inayoweza kupenya mahali ambapo meli kubwa haziwezi. Tangu hapo biashara imekua. Siku hizi watu zaidi ya laki moja wanakwenda Antaktika kwa msimu mmoja, kati ya Novemba na Machi. Wengi wanapandia Ushuaia, kusini kabisa ya Argentina, wanavuka bahari yenye mawimbi mabaya kwa siku mbili hivi, kisha wanaanza kuona barafu. Wanalipa maelfu ya dola, wengine zaidi ya elfu kumi.

Wakifika hawashuki tu kama sokoni. Meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kushusha mtu hata mmoja. Ile inayoruhusiwa inashusha watu wasiozidi 100 kwa wakati mmoja. Lazima waoshe viatu kabla na baada, wasije wakapeleka mbegu au ugonjwa. Pengwini asisogelewe chini ya mita tano. Usichukue jiwe, usiache hata ganda la pipi. Wanapelekwa ufukweni kwa boti za mpira zinazojazwa upepo, watu kama kumi kwenye kila boti, kila mtu na jaketi lake la kuokolea, na dereva aliyefunzwa. Niliposoma habari ya boti hizo nilinyamaza kidogo. Ndugu msomaji, boti ya mpira unaijua. Ndiyo ile ile ambayo vijana wetu waliofika Libya wanapakiwa humo zaidi ya mia moja, bila jaketi na bila dereva.

Na wanakwenda kutafuta nini? Wanakwenda kuona tu. Hilo ndilo lililotuchekesha pale kibandani. Lakini nikikumbuka vizuri, marehemu baba yangu mdogo alivuka ziwa miaka ile ya amani kwa sababu alitaka kuliona treni la Kigoma. Hakuwa na mzigo wa kuuza, hakuwa na mgonjwa wa kumjulia hali. Aliliona, akalala siku mbili kwa jamaa, akarudi, akatusimulia mpaka tukachoka. Hatukumwita mjinga. Tulimwita mtu aliyetembea. Hamu ya kuona si ugonjwa wa wazungu, ni ya binadamu wote. Tofauti iko kwenye nauli na kwenye pasipoti.

Sasa niwaeleze usiku wa tarehe 23 Novemba 2007. Meli ile ile ya Lindblad, ambayo wakati huo ilikuwa imebadilisha wenyewe na kuitwa Explorer, iligonga barafu karibu na visiwa vya South Shetland, Antaktika. Maji yakaanza kuingia. Watu 154, abiria na mabaharia pamoja, walishushwa kwenye boti za kuokolea, boti za wazi, usiku, katikati ya barafu. Wakakaa humo saa kadhaa wakitetemeka. Meli ya Norwe iitwayo Nordnorge, nayo ya watalii, ikaacha ratiba yake ikaja. Wote 154 wakatolewa hai. Walipelekwa kisiwa cha King George, kwenye vituo vya utafiti, kisha ndege za jeshi la Chile zikawachukua mpaka Punta Arenas. Explorer ikazama siku hiyo hiyo.

Nahodha wa Nordnorge angeweza kusema kama nilivyosema mimi: nani aliwatuma? Hao ni watu waliosoma mkataba, wakaambiwa kuna hatari, wakatia sahihi, wakalipa. Kama kuna binadamu duniani aliyejitakia, ni wao. Lakini sheria ya bahari haina kifungu cha "alijitakia". Nahodha akipata habari kwamba watu wako hatarini na anaweza kuwafikia bila kuangamiza watu wake, anakwenda. Haulizi dini, haulizi nchi, haulizi mlikuwa mnakwenda wapi.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu mimi mwenyewe nimelibeba miezi mingi. Utaniambia: Mwalimu, hatufanani. Wao walichagua, sisi tulilazimika. Kuwaokoa wao ni hisani, kutuokoa sisi ni haki.

Nilipenda jibu hilo. Lilinipa heshima. Lakini kila nilipotaka kulikalia, namkumbuka baba yangu.

Vita ya 1996 ilikuwa haijafika kijijini kwetu tulipoondoka. Tulisikia tu habari za Uvira, na usiku mmoja mlio kwa mbali ambao wengine walisema ni radi. Baba aliuza mbuzi wake wote kwa bei ya kutupa, akatupakia kwenye boti. Majirani walimcheka, wakasema ni mwoga. Waliobaki, baadhi wako hai mpaka leo, baadhi hatukuwaona tena. Baadaye, ng'ambo hii, kwenye mahojiano, afisa mmoja alimuuliza: "Kijiji chenu kilishambuliwa tarehe gani?" Baba hakuwa na tarehe. Alisema: "Bado kilikuwa hakijashambuliwa." Afisa akaandika, akauliza tena: "Sasa nani alikuambia uondoke?"

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimesimama nyuma ya kiti chake. Nilimwona baba, mtu aliyetuokoa sote, akitafuta maneno kama mwizi. Na miaka ishirini na saba baadaye, kwenye kibanda cha kuchaji simu, nimeitamka sentensi ile ile kwa mdomo wangu, tena nikicheka.

Kwa hiyo nimeacha kuamini kwamba hiari na lazima zina ukuta katikati. Ni kama ufuko wa ziwa letu, mvua zikizidi unasogea, zikipungua unarudi. Mtu aliyekimbia risasi ikiwa mgongoni amelazimika, hilo halina ubishi. Aliyeondoka wiki mbili kabla ya risasi, je? Aliyeondoka kwa sababu shule imefungwa na mtoto anakaribia umri wa kuchukuliwa na wenye silaha? Kijana aliyezaliwa hapa kambini, hana kibali cha kutoka, hana kazi, akaamua kujaribu njia ya jangwani? Kila mmoja ana kipande cha hiari na kipande cha lazima, na huwezi kuvitenganisha ukiwa umesimama mbali.

Tukisema wokovu ni wa waliolazimika tu, lazima tuweke hakimu wa kupima nani alilazimika. Na hakimu huyo atafanya kazi wapi? Majini? Atasimama kwenye ukingo wa meli na karatasi, aulize mmoja mmoja, huku wanakunywa maji?

Hilo lilikaribia kutokea kweli. Agosti 2001 meli ya mizigo ya Norwe, Tampa, iliombwa na Australia yenyewe kwenda kusaidia mashua mbovu ya Kiindonesia karibu na kisiwa cha Christmas, Bahari ya Hindi. Nahodha Arne Rinnan akawachukua watu zaidi ya 400, wengi wao Waafghani. Alipotaka kuwashusha, Australia ikamkatalia. Walikaa siku kadhaa juu ya sitaha, kati ya makontena, na wanajeshi wakapanda meli kuizuia isifike bandarini. Mwishowe wengi walipelekwa kisiwa cha Nauru, wengine wakapokelewa New Zealand. Hoja iliyozunguka wakati ule mnaijua: si wamejipandisha boti wenyewe? Si wamelipa wasafirishaji? Nani aliwatuma?

Weka meli hizo mbili pamoja. Zote za Norwe. Zote zilifanya jambo lile lile, ziliwatoa watu majini. Abiria wa Explorer walikuwa na mahali pa kushushwa, ndege ikawangoja, na nyumbani familia zikawangoja. Wa Tampa walitolewa majini lakini hawakuruhusiwa kufika nchi kavu. Hapo nikaelewa kwamba kuokoa kuna sehemu mbili: kumtoa mtu majini, na kumfikisha. Baada ya aibu ile ya Tampa mikataba ya bahari ilirekebishwa mwaka 2004, ikasema wazi kwamba nchi zishirikiane ili aliyeokolewa afikishwe mahali salama. Sheria imeandikwa vizuri. Kuitekeleza ndiyo kazi.

Sasa mwenzangu wa kambini utasema: basi, umejithibitishia mwenyewe. Watalii wanaokolewa sehemu zote mbili, sisi nusu, au hatuokolewi kabisa. Kwa nini tuwatetee?

Jibu langu ni hili. Ukosefu wa haki uko kwenye yale tunayonyimwa, hauko kwenye yale waliyopewa. Nordnorge haikukosea kuwachukua wale 154. Ilifanya kile kinachopaswa kufanyiwa kila mtu. Nikisema "waachwe", simwumizi mtalii, maana hanisikii, na Greenland sina boti ya kutuma. Ninachofanya ni kuibomoa kanuni pekee niliyonayo ya kusimamia. Siku nitakapohitaji kuomba, nitaomba kwa jina gani, kama nimeshakubali kwamba kuna watu wanaostahili kuachwa kwa sababu ya sababu zao? Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Sisemi kwamba kuchagua hakuna uzito wowote. Mtu anayekwenda kwenye barafu kwa kuona tu ana deni lake. Mchuma janga hula na wa kwao, na huko anayeitwa kuja kula naye ni baharia na rubani asiyemjua, anayehatarisha roho yake. Kwa hiyo ni haki mwenye meli abebeshwe mzigo kabla ya kuondoka. Tangu Januari 2017 kuna kanuni za kimataifa za meli za maeneo ya ncha za dunia, zinazodai vifaa vya kuwaweka watu hai angalau siku tano wakisubiri msaada. Ni haki pia gharama zidaiwe baadaye, na uzembe ukipatikana mtu ashtakiwe. Maswali yote hayo ni halali. Yana mahali pake, nchi kavu, mtu akiwa ameshavaa nguo kavu na kunywa chai.

Na ninyi mnaotuhoji kwa kazi yenu, wafanyakazi wa mashirika mnaosoma jarida hili, siwaambii muache kuuliza. Najua fomu ina sehemu ya kujazwa. Nasema swali la "kwa nini uliondoka" ni swali la pili. Likiulizwa kwanza, kabla mtu hajapewa maji na mkeka, linageuka kuwa mlango.

Kuna mtu mmoja anayezifunga kamba zote hizi, naye wengi wetu tunalisikia jina lake bila kujua historia yake. Ni Fridtjof Nansen, Mnorwe. Alivuka barafu ya Greenland kwa miguu na skii mwaka 1888. Mwaka 1893 akaondoka na meli yake Fram, akaiacha kwa makusudi igandishwe ndani ya barafu ili imbebe kuelekea ncha ya kaskazini. Hakuna aliyemlazimisha. Mwaka 1895 alishuka melini na mwenzake Hjalmar Johansen, wakajaribu kufika nchani kwa mbwa na sleji, wakashindwa. Wakakaa majira yote ya baridi kwenye kibanda cha mawe walichokiezeka kwa ngozi za wanyama, wakila nyama ya dubu. Juni 1896, kwenye visiwa vya Franz Josef, walikutana kwa bahati na Mwingereza Frederick Jackson, aliyekuwa huko na msafara wake. Jackson aliwakaribisha, akawapa chakula, sabuni na kitanda, na meli iliyomletea mahitaji ndiyo iliyowarudisha Norwe.

Mtu huyo ndiye aliyeteuliwa mwaka 1921 na Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, kuwa Kamishna Mkuu wa kwanza wa wakimbizi. Mwaka 1922 akaanzisha pasipoti ya Nansen kwa watu ambao nchi zao zimewakana, Warusi kwanza, kisha Waarmenia na wengine. Mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Leo jina lake lipo kwenye tuzo inayotolewa na UNHCR, ambayo mwaka 2002 walipewa nahodha, mabaharia na kampuni ya Tampa. Na jina hilo hilo limechorwa kwenye ubavu wa meli inayopeleka watalii Antaktika, Fridtjof Nansen.

Sisemi tumwokoe kila mtalii kwa kuwa huenda akawa Nansen. Hiyo ni biashara, si maadili. Jackson hakujua anamlisha nani kwa maana ya kesho. Alimwona mtu mchafu, mwenye nywele ndefu, anatoka kwenye barafu ambako hakuna mtu, na akampa mkono. Nasema tu kwamba yule aliyetupa sisi karatasi ya kwanza alikuwa mtu aliyejitakia.

Sasa nirudi hapa kwetu, maana Greenland ni mbali. Tangu Machi 2023 wenzetu wapya wanawasili kutoka Kongo kwa maelfu. Na sisi wakongwe wa kambi, tuliofika 1996, mnajua tunavyosema bombani na kwenye foleni ya mgao. "Hawa hawakukimbia vita, wamefuata posho." "Hawa wanatafuta nafasi za Marekani." Kumbe tumekuwa maafisa bila kuajiriwa. Tunasimama ufukoni na karatasi. Kicheko changu cha kibandani hakikuanza na watalii. Kilikuwa na mazoezi.

Usiku ule wa 1996 injini yetu ilizimika katikati ya ziwa. Hakukuwa na mwezi. Watu wa ziwa wanajua kwamba usiku wa giza ndio usiku wa wavuvi wa ndagala, wanaowasha karabai na samaki wanakuja. Tuliona taa zao, tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Mtumbwi mmoja ukajitenga na wenzake, ukaja. Waliacha samaki waliokwisha kukusanyika chini ya taa, yaani mshahara wao wa usiku huo. Sikuwaona nyuso vizuri, na majina yao sikuyajua kamwe.

Walipotukaribia, mmoja aliinua karabai juu akauliza swali moja tu. Hakuuliza tunatoka wapi, wala tumefuata nini, wala nani alitutuma.

Aliuliza: "Mko wangapi?"

Baba akajibu: "Kumi na tisa, na mtoto mchanga."

"Haya, leteni kamba."

Mama wa maandazi nilimpelekea jibu hili kwa mdomo kabla ya kuliandika. Alisikiliza huku anageuza maandazi kwenye mafuta. Halafu akaniambia yuko mama mpya zone ya pili, amefika juzi na watoto wanne, hana sufuria. Akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna ya ziada.